Bunduki za Anselme

Filimbi niliiomba mimi. Naanzia hapo kwa makusudi, maana kila anayesimulia kisa hiki Nakivale huanzia kwenye panga, na nimechoka na watu wanaoanzia kwenye panga.

Jina langu ni Eugénie. Nilizaliwa milima ya Fizi, upande wa Kongo, nikakulia hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi, na mwaka niliotimiza miaka ishirini na sita nilikuwa na chaneli ya video yenye wafuasi themanini na saba. Usicheke. Hao themanini na saba niliwapata kwa jasho. Nilikuwa na simu moja iliyopasuka kioo, na watu watatu wa kufanya nao kazi. Wa kwanza ni mdogo wangu Modeste, ambaye Mungu alimpa sauti ya fahali na uso wa kuchekesha. Wa pili ni Junior, kinyozi wa Base Camp, katikati ya kambi, aliyeweza kushika simu nusu saa bila mkono kutetemeka. Wa tatu ni Diane, binti Mrundi wa miaka kumi na tisa, jirani yetu, aliyetoa machozi ya kweli kila ulipomwambia alie.

Tulianza na vichekesho. Modeste mlevi, Modeste mchungaji wa uongo, Modeste anayekwenda kuposa na kuku mmoja mgonjwa. Tulijichekesha wenyewe mpaka mbavu zikauma, na watazamaji wakawa kumi na wanane, nusu yao shangazi zetu. Halafu siku moja Diane, akiigiza mke mwenye hasira, alilikosa bega la Modeste na mwiko ukamtua puani. Pua ikapasuka. Damu ikatiririka mpaka kwenye shati, Modeste akapiga yowe la kweli, na Junior, mshenzi yule, hakuzima simu. Video ile ilitazamwa mara elfu mbili na mia tatu kwa siku mbili. Chini yake watu waliandika: "Mumupige tena!"

Shule yetu ya kutengeneza video ilikuwa hiyo tu. Watu wanapenda kuona mtu akipigwa. Nililijua hilo, nikalishika kwa mikono miwili. Wiki iliyofuata Modeste alianguka na baiskeli kwa makusudi. Iliyofuata tena alipigwa makofi kumi na moja, kwa sababu yale kumi ya kwanza hayakuniridhisha. Baada ya kila kofi alinigeukia, shavu limevimba, akaniuliza, "Yaya, imetosha?" Yaya kwetu ni dada mkubwa. Nami nikasema bado. Tukafika wafuasi mia nne. Junior alikuwa amesikia mahali kwamba chaneli haihesabiwi kuwa chaneli mpaka ifike elfu moja. Tulibakiza mia sita.

Ndipo nikapata wazo la shambulio.

Hapa kwetu kila mtu ana shambulio lake tumboni. Kijiji kimevamiwa, watu wamekimbia, waliochelewa wamezikwa au hawakuzikwa. Hakuna aliyewahi kuliigiza. Niliwaambia wenzangu kwamba tutafanya video ya kumbukumbu, ili watoto waliozaliwa kambini wajue tulikotoka. Nilisema kwa sauti nzuri kabisa, mpaka Junior akafuta macho. Lakini nilikuwa nawaza wale mia sita, na leo sina sababu ya kulificha hilo.

Bunduki tatu alituchongea Anselme, seremala wa vitanda na majeneza. Anselme aliwahi kubebeshwa bunduki za watu porini kwa miezi saba kabla hajatoroka, kwa hiyo alijua anachochonga. Alitumia mkaratusi mbichi, mzito, akazipaka mafuta machafu ya pikipiki. Nilipoinyanyua moja, mkono ukashuka.

"Mbona nzito hivi?" nikamuuliza.

"Bunduki nyepesi mutu anaibeba kama fagio," alisema. "Batu batajua ni uongo. Hii, mukiibeba, mabega yenyewe itafanya kazi. Lakini musigongane nayo, munasikia? Huu muti unaua."

"Ni mchezo tu, Anselme."

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha," akanijibu, akarudi kwenye jeneza lake.

Mwenyekiti wa kijiji chetu humu kambini alitupa ruhusa kwa masharti mawili: hakuna nguo za rangi ya jeshi, hakuna fataki wala kitu cha kulipuka. Basi tukavaa masweta ya shule ya kijani tuliyoyapaka matope, na milio ya risasi tukaamua kuiongeza baadaye kwa simu. Lakini waigizaji walihitaji ishara ya kuanza wote kwa pamoja. Hapo nikaenda kwa refa wa timu ya mpira, nikaiomba filimbi yake.

Sikuichagua ovyo. Watu wa mjini wanadhani shambulio linaanza na risasi. Kwetu lilianza na filimbi, moja juu ya kilima na nyingine ikijibu kutoka mtoni, wakiitana. Nilikuwa na miaka tisa. Nikasema moyoni, hii ndiyo itakayofanya video iwe ya kweli.

Tangazo tulilitoa kanisani, kama habari zote za kambi zinavyotolewa: mbuzi aliyepotea, siku ya mgao wa chakula, msiba. Mchungaji wetu alilisoma Jumapili mbili mfululizo kwamba Jumatano kutakuwa na maigizo, watu wasishtuke. Ila Warundi wa upande wa chini ni Wakatoliki, wanasali ng'ambo ya barabara na padri wao. Kwao hakuna aliyelisoma.

Nami nilijua. Nilijua hasa kuhusu mmoja, Libère, baba yake Diane. Alikuwa mkulima wa maharage, mtu wa sauti ya chini, ambaye mvua ya Machi ilipong'oa turubai letu alipanda juu ya nyumba akalifunga bila kuombwa. Mkono wake ulikuwa hodari wa mafundo. Aliniita mwanangu. Diane alikuwa ameniambia mapema, "Papa hatakubali. Hata wakiweka filamu ya vita kwa jirani, yeye anatoka anakwenda kukaa nje."

Jumatano, saa tisa alasiri, tulikuwa kwenye nyumba tupu ya familia iliyopelekwa Kanada. Chini yake kuna mteremko wa maharage. Modeste na vijana wawili wa mpira walikuwa wamejipaka makaa usoni. Diane alifika mbio, kitambaa cha kwaya kichwani, na chini ya blauzi tukamfungia mfuko wa nailoni wenye damu yetu: soda nyekundu iliyokorogwa na unga wa muhogo. Junior alikuwa ameshaanza kurekodi.

"Yaya Eugénie, papa ako pale chini kwenye maharage," Diane alisema. "Nimemwambia niko kwaya. Akisikia?"

"Hatasikia. Wewe lia kwa nguvu. Baba yako tutamwambia kisha." Nikamgeukia Junior. "Na weye usizime mupaka niseme."

Nikapuliza filimbi. Fupi moja, ndefu moja, kama ninavyoikumbuka.

Modeste aliupiga mlango teke, akamtoa Diane kwa kumkaba shingo, akamburuta uani huku visigino vyake vikichora udongo. Akamwangusha, akamwekea bunduki kifuani, akanguruma kwa ile sauti yake, akiuliza walipo wanaume: "Banaume ba hapa beko fasi gani?" Nilikuwa nimemwagiza Diane alie kwa Kiswahili, aseme "nisaidieni". Akalia kwa Kirundi, akimwita baba yake. "Data weee! Data!"

Nywele zilinisimama. Na nilifurahi, jamani. Nilifurahi kwelikweli, nikasema huyu mtoto amezaliwa kwa kazi hii.

Kisha Libère akatoka kwenye maharage.

Alikuja mbio akiwa ameinama, panga lake la shamba mkononi, kama wanavyokimbia watu waliowahi kukimbia risasi. Hakuniona. Hakuiona simu. Junior aliigeuza simu ikamfuata. Na mimi, kwa muda wa pumzi mbili au tatu, nilidhani Diane amemwambia baba yake, na mzee naye ameingia mchezoni, na anaigiza kuliko sisi sote. Neno moja kutoka kinywani mwangu lingetosha. Sikulisema.

Modeste alimwona panga likiwa tayari hewani. Akainua bunduki kujikinga. Panga likaikata bunduki vipande viwili, likaendelea, na mkono wake wa kushoto ukabaki ukining'inia kwenye kifundo kwa ngozi. La pili lilimwingia begani mpaka mfupa ukaonekana mweupe. Akaanguka juu ya Diane, ule mfuko ukapasuka, na soda yetu na damu yake vikachanganyika kwenye udongo. Libère akaliinua panga mara ya tatu.

"Papa Libère!" Modeste alilia kwa sauti yake ya nyumbani. "Ni muchezo! Ni miye Modeste!"

Panga likasimama huko juu. Libère akatazama chini, akakiona kipande cha bunduki, na mahali kilipokatwa pakiwa peupe, mbao tupu. Akalitupa panga. Akalivua shati lake, akalichana kwa meno, akapiga magoti, akaanza kuufunga mkono wa mdogo wangu juu ya jeraha, akikaza kwa nguvu zake zote. Damu ilikuwa ikiruka kwa mapigo, ikapungua, ikapungua tena.

Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nyuma yake. Niliokota kitako cha ile bunduki, nikakishika kwa mikono miwili kama mtwangio, nikampiga nacho nyuma ya sikio. Mara moja tu. Mlio wake ulikuwa wa boga linapoanguka sakafuni. Alikuwa amepiga magoti akimwokoa mdogo wangu, na mimi nikampiga.

Akayumba, lakini hakuliachia fundo. Wale vijana wawili wakamrukia. Wanaume wakaja mbio kutoka njiani, wasijue hata kilichotokea, wakamkuta Mrundi mwenye damu amemwinamia Mkongomani anayekufa, ikawa wameelewa vyote. Walimpiga mateke ya mbavu, walimpiga kwa matofali, mmoja alimkanyaga kisigino kwenye shingo. Aliendelea kulishika lile fundo. Ilibidi wanaume wanne wambandue kidole kimoja kimoja.

Junior alirekodi vyote. Nilikuwa nimemwambia asizime.

Tulimpakia Modeste kwenye pikipiki, mimi nyuma nikimkumbatia, kapu langu begani, mpaka zahanati, na kutoka hapo gari la wagonjwa likatupeleka hospitali ya Mbarara. Njiani, mahali paitwapo Masha, ng'ombe wenye pembe ndefu waliziba barabara, mchungaji wao hana haraka. Nilitoa kichwa dirishani nikamtukana kwa lugha nne. Modeste alikuwa baridi, midomo ya kijivu, akinitazama bila kupepesa macho.

Daktari wa Mbarara alipolifungua lile fundo akauliza, "Nani alifunga hii?"

"Sijui," nikasema.

"Nyabo, mama, huyo mtu ndiyo aliokoa yeye. Kama hapana yeye, wewe ulileta maiti."

Nilipokaa kwenye benchi na kutafuta leso kapuni, mkono wangu ulikigusa kitako cha bunduki. Lazima nilikitia humo mwenyewe, nikaja nacho njia nzima bila kujua. Nikakifunika na kanga.

Alhamisi walimaliza kuukata mkono wa Modeste. Niliona karai likitolewa limefunikwa kitambaa, nikaelewa kilichomo. Hasira iliyonipanda siku ile sijawahi kuiona tena. Nilikaa ngazini nikaifungua simu, ambayo Junior alinirudishia palepale uani, nikakata sekunde kumi na nne: Libère anatoka kwenye maharage, panga la kwanza, panga la pili. Basi. Nikaandika juu yake: "Jirani yetu Mrundi amkata mudogo wangu." Nikaiweka kwenye chaneli.

Nasema ilikuwa hasira, na ni kweli, lakini hasira haichungulii simu kila dakika tano. Mimi nilichungulia. Kufikia Ijumaa asubuhi ilikuwa imetazamwa mara elfu sitini na moja, na wafuasi walikuwa elfu tatu na mia nne. Mwanamke anayeuza chai getini alikuwa akiiangalia. "Banange," alishangaa, akiigeuza simu yake anionyeshe, "ona hawa watu wa Nakivale vile wanakatana." Na mimi, mdogo wangu hana mkono, nilijisikia mtu mkubwa. Moto huo wa kifuani uliniwaka mpaka nikamaliza kikombe.

Saa nne gari la polisi likaingia. Walimshusha Libère kwenye machela, mkono umefungwa pingu, shati hana. Diane alikuwa nyuma yake. Meno yake mawili ya mbele hayakuwepo.

"Papa alianza kutapika kule mahabusu, akawa anaongea na watu wasiokuwepo," aliniambia. Alikuja moja kwa moja kwangu, kwa sababu hapo Mbarara hakuwa na mwingine. "Na jana vijana walikuja nyumbani. Kila mmoja na simu mkononi, wanaangalia video yako na kuangalia mlango wetu. Walichoma nyumba. Walichinja mbuzi, wakang'oa maharage yote, hata yasiyokomaa. Mimi walinikaba shingo, yaya, wakaniburuta nje, vilevile kama Modeste alivyonifanya. Lakini hawa hawakusema ni mchezo."

Nililiokota kapu, nikalivaa begani.

Daktari akatoka chumbani. "Huyu mzee walipiga yeye kwa kichwa? Na nini? Ngumi, jiwe, mti?"

"Sijui," Diane alisema. "Nilikuwa chini ya Modeste, nimefunika macho."

Daktari akanitazama mimi. Kapu lilikuwa begani kwangu, kitako kikinigusa mbavu. Sijui kama jibu langu lingemsaidia mzee yule. Najua aliuliza, jibu nilikuwa nalo, na nilitazama sakafu.

Tulipobaki wawili Diane alinishika kiwiko. "Yaya, weka video yote. Vijana wamesema papa akirudi hai watammalizia. Wakiona jinsi alivyomfunga Modeste mkono, watamwacha. Junior amenieleza tu alivyolishika lile fundo wakati wanampiga. Weka yote."

"Imefutika," nikasema. "Simu ilijaa."

Aliniamini. Hilo ndilo linalonirudia nikifumba macho, kwamba aliniamini palepale. Akakaa karibu yangu, akaniegemea bega, akaanza kunihadithia, kwa sauti ya mtu asiyelala siku mbili.

"Unajua kwa nini papa alikuja vile? Kabla ya mama yangu alikuwa na mke mwingine kule kwetu, na binti. Walipokuja wale watu na filimbi zao, papa alikuwa shambani, kwenye mtama. Alimsikia binti yake akimwita. Hakutoka. Alibaki amelala kwenye mtama mpaka sauti ikanyamaza. Kwa hiyo juzi aliposikia filimbi, halafu mimi namwita..." Akaligusa pengo la meno yake. "Safari hii alitoka, yaya."

Jumamosi saa tatu asubuhi Libère alikufa. Pingu waliifungua baadaye, baada ya askari kupiga simu kuuliza kama inaruhusiwa. Diane hakupiga yowe. Yule binti aliyelia kila nilipomwambia alie alisimama ukutani macho makavu, akiuliza tu nani atakwenda kununua sanda.

Nilikimbilia wodini kwa Modeste. Alikuwa ameketi, kigutu chake kimefungwa bendeji nyeupe, ameshasikia.

"Daktari amesema nini?" akauliza.

"Kichwa. Damu ilivuja ndani."

"Ni pigo moja," akasema. "Nyuma ya sikio."

Nikamtazama.

"Nilikuwa chini, yaya, naangalia juu. Nilikuona. Papa Libère ananifunga mukono, ananiambia, 'Vumilia, mwanangu, vumilia,' na weye uko nyuma yake na ile mbao. Nilitaka kukuita, sauti haikutoka. Siku zote hizi nilikuwa nangoja useme mwenyewe." Akalala, akageukia ukuta. "Yaya, imetosha."

Mara zote alikuwa akiniuliza. Safari hii aliniambia.

Nilimkuta Diane uani, kati ya mashuka yaliyoanikwa. Nikamnyooshea simu. "Haikufutika," nikasema. "Nilikudanganya. Tazama mpaka mwisho."

Video ni ya dakika tisa. Nilisimama mbele yake muda wote. Nilijisikia nikisema, "Hatasikia. Baba yako tutamwambia kisha." Nikaisikia filimbi. Nikamsikia Diane akimwita baba yake, na Diane aliyekuwa mbele yangu akaziba mdomo. Kisha nikasikia mlio wa boga. Akairudisha nyuma. Nikasikia tena. Akairudisha mara ya tatu, akaisimamisha hapo, akaisogeza simu karibu na uso wake, akaitazama sana.

Alinipiga kwa hiyohiyo simu, mdomoni. Jino lilivunjika, nikalimeza. Akanipiga tena kwenye nyusi, damu ikaniziba jicho. Sikuinua mkono. Akaitupa simu, akanikamata koo kwa mikono yote miwili, akanigongesha kwenye nguzo ya kamba za nguo, mara moja, mbili, tatu, akisema neno moja tu kila mara: "Papa. Papa. Papa." Mashuka yalituangukia. Wanawake waliokuwa wakifua walimvuta kwa nguvu, na mmoja wao akanishika mkono, akaniuliza nimemfanya nini mtoto wa watu. Nikamwambia nimemuulia baba. Akaniachia kama aliyeshika moto.

Diane alikuwa amekaa chini, anahema. "Iweke," alisema. "Yote. Usikate hata sehemu moja."

Niliokota simu. Kioo kilikuwa kimezidi kupasuka lakini kiliwaka. Ile ya sekunde kumi na nne niliifuta; ilikuwa imeshafika laki moja na ishirini elfu, na nakala zake ziko kila mahali, hizo siwezi kuzifuta. Nikaiweka ya dakika tisa. Nikaandika juu yake jina lake, Libère, baba yake Diane, aliyemwokoa mdogo wangu, na jina langu, Eugénie, niliyemuua.

Kituo cha polisi hakiko mbali na hospitali. Nilitembea kwa miguu na kapu langu, damu ikinikaukia usoni, watu wakinipisha. Njiani simu ilitetemeka. Mtu mmoja alikuwa ameshaandika chini ya video: "Ndefu sana. Panga liko dakika ya ngapi?"

Askari wa zamu alikuwa kijana mnene, anakula ndizi mbivu. Niliweka kitako cha bunduki juu ya meza yake.

"Nimekuja kujisalimisha," nikasema. "Nimeua mtu na hii."

Alikitazama, akamtazama mwenzake, wakacheka. "Nyabo, nani alipiga wewe? Keti kwanza, kunywa maji. Hii ni mbao tu. Hii toy ya watoto."

"Ishike, afande," nikamwambia. "Inyanyue."

Aliweka ndizi chini, akakinyanyua kwa mkono mmoja. Mkono ukashuka. Akakishika kwa yote miwili, akakigeuza, akaona nywele chache za mvi zilizogandia kwenye mafuta ya pikipiki, akaacha kucheka. Kisha akafungua kitabu chake, akaniuliza jina langu.